Goti halikunji kama zamani, na baiskeli bado naihitaji

SWALI

Assalaam aleikum mshauri wetu. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Malindi, umri wangu miaka 51. Naishi Maweni, asubuhi nasomesha Shela, na baada ya alasiri nina darasa jingine la watoto upande wa Barani. Zamani njia zote hizo nikizikata kwa baiskeli. Mwaka juzi nilipakiwa kwenye bodaboda, tukagongana na pikapu. Paja la kushoto lilivunjika, nikatiwa chuma ndani, na goti la mguu huohuo likaumia. Alhamdulillahi mfupa umeunga. Lakini mguu umebaki mfupi kwa sentimita 2, na goti halikunji likamalizika. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alilipima, akaniandikia kwenye kadi digrii 105, akanambia huenda lisiongezeke tena. Kuswali naswali juu ya kiti, maana kikao cha tahiyatu kimenishinda.

Siku hizi nategemea tuktuk, na posho ya madrasa mwaijua ilivyo. Nikikosa nauli naenda kwa miguu, na nikifika mguu umefura.

Mpwa wangu ana baiskeli yake ya Black Mamba, akanipa niijaribu uani. Kuipanda tu ilikuwa kazi, kwa lile bomba la juu. Nilipokaa, mguu wa kulia ulizunguka vizuri, lakini pedali ya kushoto ikifika juu goti linagoma, natupwa upande mpaka nainuka kwenye kiti. Nikashuka kabla sijaanguka.

Fundi baiskeli wa mtaani ana mawazo mawili. La kwanza, aukate mkono wa pedali, apunguze kipande, kisha auchomelee. La pili, aufunge ubao juu ya pedali ya kushoto kwa kuwa mguu ule ni mfupi. Jirani yangu naye anauza baiskeli ya magurudumu matatu kwa shilingi 38,000, asema mtu kama mimi hapandi tena ya magurudumu mawili. Mimi nina shilingi 12,000 tu. Fundi ana ya mitumba anayoiuza kwa 8,500, imara, lakini ni ya kike, ile yenye bomba lililoshuka chini. Sasa mtu mzima, maalim, na kanzu yangu, nipite Shela juu ya baiskeli ya kike wanafunzi wakiniona? Na mama watoto hataki hata kusikia neno baiskeli. Nishauri.

Maalim, Maweni

JIBU

Wa aleikum salaam warahmatullah, Maalim. Pole sana kwa ajali na kwa yote yaliyoifuata. Barua yako imenifurahisha kwa kuwa umeniandikia vipimo. Wengi huniandikia kwamba mguu una shida, basi, nami nabaki kubahatisha. Wewe umetaja digrii 105, umetaja sentimita 2, na umeeleza hasa ni wapi goti linagoma. Kwa hayo matatu naweza kukujibu bila kuzunguka: baiskeli utapanda inshallah, pesa uliyonayo yatosha, na kitu kikubwa cha kubadilisha ni kimoja tu, nacho ni mkono wa pedali ya kushoto. Ule mafundi wanauita krenki.

Tuanze na goti lenyewe. Kutembea mahali tambarare, goti hukunja digrii 60 au 70 tu. Kukaa kitini ni kama 90. Kikao cha tahiyatu chafika 150 na kupita, ndiyo maana hicho kimekushinda kabisa. Baiskeli ya kawaida, pedali ikiwa juu kabisa, yataka karibu 110. Wewe una 105. Kwa hivyo uliyoikosa ni digrii kama tano, wala si zaidi, na hizo tano ndizo zilizokutupa upande pale uani: goti lilipokataa, mwili ukatafuta nafasi kwa kuinua nyonga. Usijilazimishe kupanda hivyo kwa kutumaini kwamba goti litazoea. Kutoka Maweni mpaka Shela pedali huzunguka mamia ya mara, na kila mzunguko utakuwa unalivuta goti na kuupinda mgongo wako.

Sasa, pedali inapanda juu kiasi gani? Hilo linaamuliwa na urefu wa ule mkono unaoibeba. Katika baiskeli nyingi za watu wazima mkono huo ni milimita 170, kutoka katikati ya ekseli hadi katikati ya tundu la pedali. Ukiweka mkono mfupi zaidi, pedali haifiki juu sana, na goti halilazimiki kukunja sana. Nimeifanyia hesabu miguu ya mtu wa kimo cha wastani: kila sentimita moja inayopungua kwenye krenki inakuondolea karibu digrii mbili za kukunja. Baiskeli za watoto za inchi 24 mara nyingi zina mikono ya milimita 152, na zile za inchi 20 huwa na 140 au 127. Ukichukua mkono wa 127 ukautia kushoto tu, kulia ukaacha 170 yako, umepunguza sentimita 4 na nusu kasoro kidogo. Mguu wako wa kushoto ukiwa mfupi pajani, nao unakusaidia kidogo hapo juu. Kiti ukikipandisha sentimita moja, tunashuka mpaka kwenye digrii 100 hivi. Umebakiwa na akiba ya kama tano, na akiba hiyo unaihitaji, kwani goti la asubuhi si goti la jioni.

Huenda ukajiuliza kama mtu anaweza kupanda baiskeli yenye mikono isiyolingana. Anaweza. Siku za mwanzo utahisi mguu mmoja unazunguka duara dogo kuliko mwenzake, baadaye mwili unazoea. Miguu yako yenyewe hailingani, Maalim, basi hakuna sababu ya kuilazimisha baiskeli ilingane.

Hapa ndipo ninapotofautiana na fundi wako kuhusu ubao. Nia yake ni njema, na kwa mtu mwenye mguu mfupi na goti zima, ubao juu ya pedali ni dawa inayojulikana. Kwako utaharibu. Ubao wa sentimita 2 unauinua unyayo pedali ikiwa chini, sawa, lakini unauinua vilevile pedali ikiwa juu, na juu ndiko unakoumia. Utakuwa umenunua krenki fupi kisha umeitupa nusu ya faida yake. Zaidi ya hayo, huuhitaji. Mkono wa 127 unaileta pedali ya chini karibu nawe kwa sentimita 4 na kitu, na mguu wako umepungukiwa sentimita 2 tu. Utaifikia bila kunyoosha vidole. Krenki moja fupi inatibu urefu wa mguu na ugumu wa goti kwa pamoja, na ndiyo sababu nakung'ang'aniza nayo.

Kuhusu kukata na kuchomelea, nasema hapana. Mkono wa pedali ndio unaobeba uzito wako wote unapokanyaga kwa nguvu au unaposimama kidogo kuvuka bonde. Ukiwa wa alumini, moto wa kuchomelea unalegeza nguvu ya chuma kando ya kiungo, hata kama kwa macho kazi inapendeza. Ukiwa wa chuma cha pua au chuma cha kawaida, yategemea ni chuma gani na ni nani aliyeshika mashine, na wewe huna njia ya kujua mpaka siku ukikatika. Nao haukatiki ukiwa umeegeshwa. Unakatika wakati umeukanyaga, na hapo unaangukia upande wa paja lenye chuma. Mikono mifupi iliyotoka kiwandani ipo, imejaa kwenye baiskeli za watoto zilizotupwa. Usimwache mtu akukatie.

Tena una bahati ya upande. Goti lako ni la kushoto. Mkono wa kulia wa baiskeli umeshikana na lile gurudumu la meno linalovuta cheni, kwa hivyo kuubadilisha kuna mambo yake. Wa kushoto hauna chochote, ni mkono mtupu. Unatolewa, mwingine unatiwa.

Lakini kwanza uangalie umefungwa namna gani, maana kuna aina tatu zinazopatikana sana na haziingiliani. Black Mamba na baiskeli nyingi za zamani zina kotapini: utaona pini imepenya kwenye mkono ubavuni mwa ekseli, na nati ndogo upande wa pili. Mitumba mingi ina ekseli yenye ncha ya pembe nne, na mkono umekazwa kwa boliti moja katikati, wakati mwingine imefunikwa na kizibo cha plastiki. Aina ya tatu, inayopatikana kwenye baiskeli nyingi za watoto, mikono yote miwili na ekseli ni chuma kimoja kilichopindwa. Hiyo ya tatu iache, haikufai hata ikiwa fupi namna gani. Ile ya mitumba ya shilingi 8,500, mwambie fundi akuoneshe. Ikiwa ni ya pembe nne, tafuteni kwenye vyuma vyake mkono wa kushoto wa baiskeli ya mtoto wa pembe nne vilevile. Ugeuze uusome mgongoni: mara nyingi urefu umechongwa hapo, 127 au 140 au 152. Usipoona namba, pima kwa rula. Ikiwa ni ya kotapini, nenda na pini ya zamani mkononi, kwa sababu pini zina unene tofauti, za milimita 9 na za 9 na nusu, na isiyolingana italegea barabarani.

Ukikosa 127, 140 itafaa kwa kuanzia, ila akiba ya goti itakuwa ndogo, digrii mbili au tatu hivi. Hapo ndipo ningemwomba fundi atie mikono mifupi ya kiwandani pande zote mbili, apandishe kiti zaidi. Lakini kiti kikipanda sana, miguu haifiki chini, na kwa hali yako kufika chini ni jambo kubwa. Ndiyo maana napendelea fupi sana upande mmoja kuliko fupi kiasi pande zote mbili.

Mkono wa pembe nne hautolewi kwa nyundo. Una kifaa chake cha kuuvutia nje, mafundi wanakiita pula, na fundi asiyekuwa nacho akiazime kwa mwenzake. Mwambie pia, ingawa bila shaka anajua, kwamba pedali ya kushoto ina hesi za kinyume: kuifungua unazungusha kuelekea upande mshale wa saa unakokwenda. Ukishafungwa mkono mpya, zungusha pedali kwa mkono taratibu uone kama unagusa fremu popote. Mikono ya baiskeli za watoto wakati mwingine imenyooka zaidi, haijapinda kwenda nje. Kidole kikipita kati ya mkono na fremu, umesalimika.

Kuna gharama moja ya krenki fupi ambayo ni haki uijue mapema. Mkono mfupi una nguvu ndogo ya kuvuta. Kutoka 170 kwenda 127 unapoteza robo. Mguu wa kushoto utahisi pedali imekuwa nzito. Ikiwa baiskeli ina gia, basi utateremsha gia moja au mbili na habari imekwisha. Ikiwa haina, badilisha friwili, ile gia ndogo ya nyuma. Nyingi zina meno 18. Ukitia ya meno 24, ule uzito wa robo unarudi ulikotoka, karibu sawasawa. Ukikosa ya 24, ya 22 si haba. Cheni itahitaji kuongezwa pingili. Utakwenda polepole kuliko zamani, ni kweli. Lakini Malindi haina milima ya kukutisha, na wepesi huo utaushukuru kwenye vichochoro vya mchanga, na miezi ya kusi ukirudi dhidi ya upepo na kanzu imejaa kama tanga.

Nije kwa hili la baiskeli ya kike, kwani naona ndilo linalokukaa moyoni kuliko krenki. Fremu ile ya bomba lililoshuka ilitengenezwa tangu mwisho wa karne ya 19 kwa ajili ya watu waliovaa nguo ndefu. Wakati ule na katika nchi zile, waliovaa nguo ndefu ni wanawake na magauni yao, jina likawa hilo. Wewe unavaa kanzu. Kanzu na bomba la juu havijapata kupatana, na kila mzee wa pwani aliyewahi kupanda baiskeli kwa kanzu anajua alivyokuwa akiikunja na kuishikilia. Uholanzi, ambako watu wazima wa kila namna huenda kazini kwa baiskeli, wanaume kwa wanawake huzipanda fremu hizi na hakuna anayegeuza shingo. Kwa goti lako, fremu ya wazi ni lazima. Kwenye Black Mamba utaurushaje mguu juu ya karia yenye mzigo wa juzuu na misahafu? Na ukipoteza mizani, utaruka wapi, bomba likiwa katikati? Wanafunzi wako watacheka siku ya kwanza, huenda na ya pili. Ni watoto. Tena hao hao wamekuona ukifika na mguu umefura, na sidhani kama hilo ndilo unalotaka waendelee kuliona.

Nunua ile ya 8,500, basi, kama fremu haina ufa wala haijachomelewa kwenye viungo, na kama breki zote mbili zinashika. Itazame hasa pale bomba la kiti linapoingia kwenye fremu. Chumvi ya bahari yetu hula pale, bomba likaganda, na baiskeli isiyopandishwa kiti si yako. Mwambie fundi alitoe lote mbele yako, alipake grisi, alirudishe. Akishindwa kulitoa, usitoe pesa. Na bomba likipandishwa, libaki sentimita 7 au zaidi ndani ya fremu, au lisipite alama yake kama limewekewa. Likiwa fupi, nunua refu. Kilichobaki cha 12,000 yako ni cha krenki, friwili, na ufundi. Kama ina kifuniko cha cheni usikubali kiondolewe, ndicho kitakachoilinda kanzu na mafuta.

Kabla ya kulipa, fanya jaribio moja. Baiskeli iwe kwenye stendi ile inayoinua gurudumu la nyuma, au watu wawili waishikilie. Panda, weka kisigino cha mguu wa kulia kwenye pedali ya kulia iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka bila nyonga kuinama, kiti kiko karibu na mahali pake. Kisha weka nyayo sawasawa, uzungushe pedali kinyumenyume, polepole. Kinyumenyume hakuna uzito wowote, unalisikiliza goti tu. Kijana mmoja asimame nyuma yako aangalie makalio: yakitulia kwenye kiti pedali ya kushoto inapopita juu, kazi imefaulu. Yakiruka upande, hata kidogo, kiti kipande nusu sentimita mujaribu tena. Baada ya wiki ya kupanda, goti lenyewe litasema lililobaki. Likiuma kwa mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma kwa nyuma, kwenye mvungu wa goti, kimepanda kupita kiasi.

Kupanda na kushuka kwataka mazoezi yake, na hapa ndipo utakapomridhisha mama watoto. Simama upande wa kushoto wa baiskeli, uilaze kidogo kwako, mguu wa kushoto ubaki chini, wa kulia ndio upite katikati ya fremu. Pedali ya kulia iwe juu kidogo kwa mbele, uikanyage, ukae. Baraza ya nyumba ikiwa na urefu wa kuridhisha, iegemeze baiskeli hapo uanzie juu yake. Wakati wa kusimama, teleza mbele ya kiti uingie kwenye ule uwazi wa fremu, pedali ya kushoto ikiwa chini, na utue kwa mguu wa kulia, ule mzima. Fremu ya wazi ndiyo inayoruhusu hivyo. Fanya haya uani mpaka mwili uyafanye bila kuambiwa, kisha kwenye njia ya ndani isiyo na magari, alfajiri baada ya swala. Barabara kuu ya Mombasa iache kwa sasa, hata kama njia ya ndani ni ndefu. Mama watoto hakosei kuogopa. Yeye ndiye aliyekuuguza. Mkaribishe atazame mazoezi, na hatua ya kutoka uani mkakubaliane pamoja.

Na kabla hujafungua mfuko, rudi kwa yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo na kadi yako. Muulize kama mfupa umeunga kiasi cha kukanyaga pedali kwa nguvu, na hatari yake ukianguka. Muulize tena ile 105 aliipataje: ni wewe mwenyewe ulilikunja goti, au ni yeye aliyelisukuma kwa mkono? Kuna tofauti. Kama ni kwa kusukumwa, goti lako la kila siku ni dogo kuliko hiyo namba, nasi tutahitaji krenki fupi zaidi. Ikitokea goti limebaki chini ya 90, hata hapo bado kuna njia: mguu wa kushoto unatengenezewa mahali pa kutua penye fremu, usizunguke kabisa, na wa kulia unafungwa kwa mkanda kwenye pedali ili uvute kupandisha na usukume kushuka. Kwa ardhi ya Malindi mguu mmoja wafika. Lakini wewe, kwa ninavyokusoma, hujafika huko.

Magurudumu matatu ya jirani yako si ya kuyadharau, ila hayatibu ugonjwa wako. Magurudumu matatu hutibu mizani. Mtu aliyepatwa na kiharusi, au mwenye kizunguzungu, au ambaye upande mmoja umelegea, huyo ndiye wa kumshauri aitafute. Wewe mizani unayo, uani hukuyumba mpaka goti lilipogoma. Kwenye baiskeli ya matatu goti lako lingekunja digrii zilezile 110 na kugoma palepale, na shilingi 38,000 zingekuwa zimekwenda. Kisha ipitishe kwenye vichochoro vya Shela uone.

Naongeza neno kwa wasomaji wengine, kwani wapo ambao miguu yote miwili haiwezi kuzungusha. Kwao kuna baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Mombasa kuna karakana za Bombolulu za APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya, ambazo ni za watu wenye ulemavu na zimekuwepo tangu 1969, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwasaidia waliojiandikisha kupata vifaa vya kutembelea. Maalim, hata wewe ukijiandikisha kwenye baraza hilo hutapungukiwa na kitu, mguu wako unastahili kuangaliwa.

Fundi akishaukaza mkono mpya, usimwachie kazi hapo. Mkono wa pembe nne hukaa vizuri kwenye ekseli baada ya kupandwa kidogo, na hapo boliti hubaki na ulegevu. Rudi kwake siku ya pili aikaze tena, kisha baada ya wiki. Kotapini nayo vivyo hivyo. Ukisikia mlio wa "tak" kila pedali ya kushoto inaposhuka, au ukihisi inacheza chini ya unyayo, shuka, uikokote mpaka penye spana. Mkono uliolegea ukipandwa hivyo, tundu lake la pembe nne linalika likawa la mviringo, na hapo hakuna wa kuukaza tena, utatafuta mwingine upya. Chukua spana ya boliti hiyo uitie kwenye mkoba pamoja na juzuu zako.